Bukari ya Mama Ndaya

Asubuhi daktari alimng'oa Mama Ndaya gego la nyuma kabisa, akamwambia ale vitu laini vilivyopoa: uji, yai, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa vizuri. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Shavu lilikuwa limekufa ganzi.

Nyumbani hapo Kolwezi, mume na watoto, watu wazima wote wenye mikono yao, walikuwa wanangoja bukari, ugali wao wa kila siku. Akaisonga ile ngumu wanayoipenda, pamba ingali mdomoni. Wakala, wakanawa. Hakuna aliyeuliza shavu limevimbia nini. Mabaki ya sufuriani akayatia maji, akayakoroga mpaka yakawa uji.

Stany, kifungua mimba wake, akachungulia sahani.

"Mama, leo bukari ilikushinda?"

Akameza kijiko kimoja bila kusikia ladha.

"Eeh, ilinishinda."