Pointi tisa za Darla, jioni moja ya baba yake

Saa tano na nusu asubuhi, lori la maziwa limesimama mbele ya zizi la Gordy Peplinski, nje kidogo ya mji wa Stevens Point, Wisconsin. Darla Wanta ameshapima maziwa kwa kijiti na ameshachukua sampuli. Sasa mpira mnene unayavuta kutoka tangi la mkulima kwenda tangi la lori. Kazi hiyo huchukua kama robo saa, na madereva wengi huitumia kunywa kahawa.

Darla anatazama ramani. Ameitandaza juu ya pipa, ameikandamiza kwa glavu zake mbili ili upepo usiipeperushe, na anafuata mstari mwembamba kwa ncha ya kalamu.

"Bado tu na hiyo karatasi?" Gordy anamwuliza akitoka zizini. "Kulungu wetu wamekukosea nini hata uwafuate swala wa watu?"

"Kulungu wako wamenizoea, Gordy. Wakiniona wananisalimia kwa jina."

"Na hao wa Wyoming?"

"Hao hawanijui. Ndiyo maana nataka niingie kwa adabu, kwa njia inayoruhusiwa."

Gordy anacheka, anarudi kwa ng'ombe wake. Darla anafunga bomba, anakunja ramani na kupanda lori. Ana mashamba saba mengine kabla ya kufika kiwandani.

Ana umri wa miaka arobaini na tisa, na amebeba maziwa kwa miaka ishirini na miwili. Hulipwa dola ishirini na saba kwa saa. Amewinda tangu akiwa na miaka kumi na miwili, lakini hajawahi kuwinda nje ya jimbo lake. Huko kwao msimu wa kulungu kwa bunduki ni siku tisa za Novemba, na siku hizo hata harusi hazipangwi.

Swala wa Wyoming aliwaona kwa mara ya kwanza miaka tisa iliyopita, akiwa safarini kwenda kwenye harusi ya binamu yake. Walikuwa wamesimama peupe kando ya barabara kuu, mchana, wapatao arobaini. Mtu aliyezoea kumwona mnyama kwa sekunde tatu kati ya miti miwili, kisha asimwone tena, hawezi kulisahau jambo kama hilo.

"Nilimwambia binamu yangu, harusi yako ilikuwa nzuri," anasema Darla. "Lakini nikifunga macho ninachokiona ni wale swala."

Kibali cha kuwawinda si cha kununua dukani. Mgeni wa jimbo huomba, kisha droo huchezwa. Kila mwaka anaweza kununua pointi moja, na mwenye pointi nyingi hutangulizwa. Darla alianza kununua mwaka uleule. Kufikia Januari mwaka huu alikuwa nazo tisa, na kitalu cha uwindaji alichokitamani kilikuwa kikitolewa kwa wenye nane. Kina ardhi ya umma pana, ambako mtu huegesha gari na kutembea kutwa bila kukutana na uzio wa mtu.

Mambo yangeishia hapo, na makala haya yasingeandikwa, kama si Ervin.

Ervin Wanta ni baba yake Darla. Ana miaka sabini na sita na goti moja la chuma. Alikamua ng'ombe kwa miaka hamsini na mbili, mara mbili kwa siku, saa kumi na nusu alfajiri na saa kumi alasiri. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kulala nje ya nyumba yake siku mbili mfululizo, isipokuwa mara moja alipolazwa hospitali kwa ajili ya kidole tumbo. Hata hapo, Darla anakumbuka, alimpigia mkewe simu kuuliza kama yule ng'ombe mwekundu ametoa maziwa yote.

Naye ni mwindaji. Lakini mwindaji mwenye ng'ombe hushuka kutoka ulingoni, jukwaa la kuvizia wanyama, saa tisa na nusu ili awahi kukamua, ajue asijue kama kulungu yuko njiani. Kila mtu kule anafahamu kwamba kulungu hutoka jua linapoelekea kuzama. Kwa miaka hamsini na mbili, Ervin alikuwa akiondoka saa ileile ambayo wenzake walianza kuvua glavu ya mkono wa kulia, tayari kufyatua.

"Nilikuwa nawasikia majirani wakipiga risasi nikiwa chini ya ng'ombe," anasema Ervin. "Unasikia mlio, unajua huyo alikuwa wako."

Aliuza ng'ombe wote majira ya kuchipua mwaka jana. Bei ya maziwa ilikuwa imeshuka na goti lilikuwa limekataa. Novemba iliyofuata, watu wa nyumbani walijua kwamba sasa mzee atakaa ulingoni mpaka giza.

Siku ya kwanza ya msimu, Darla alikuwa kwenye ulingo wake, umbali wa kama mita mia tatu. Saa tisa na nusu alimwona baba yake akishuka ngazi, bunduki begani, akielekea nyumbani. Alidhani amepatwa na baridi. Aliposhuka jioni alikuta taa za zizi zinawaka. Ervin alikuwa amesimama katikati, kati ya vibanda vitupu, mikono mifukoni.

"Miguu ilinileta," Ervin alimwambia. "Sikuiambia."

Akafanya hivyo siku zote tisa.

Darla hakulia mbele yake. Alilia ndani ya gari. Anasema ndipo alipoelewa kwamba pale nyumbani mzee hataweza kamwe kukaa mpaka jua lizame, kwa sababu zizi liko pale pale, mita mia nne kutoka ulingoni. Ilibidi apelekwe mahali ambapo hakuna zizi la kurudia.

Januari, wakiwa mezani wanakula mkate wa shayiri na soseji ya kulungu, Ervin alimwuliza binti yake kuhusu ile safari. Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Huko kwa swala, mtu mwenye goti anaweza kufika?"

"Ni nchi tambarare, baba. Goti halina tatizo."

"Basi labda na mimi."

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Wawili wakiomba kwa pamoja, pointi zao hujumlishwa na kugawanywa kwa mbili. Tisa za Darla na sifuri ya Ervin ni nne na nusu. Kile kitalu cha ndoto kikatoka mkononi. Vilivyobaki ni vitalu ambavyo kibali hakina shida, ila pa kuingilia ndipo pa shida: ardhi ya umma imo, lakini imezingirwa na ranchi za watu.

Darla alijaza fomu ya watu wawili na hakumwambia baba yake hesabu hiyo. Aliyemwambia ni Gordy, kwenye duka la chakula cha mifugo, mwezi Mei, bila nia mbaya. Ervin alifika kwa binti yake akiwa bado na kofia kichwani.

"Miaka tisa unaweka, halafu unanigawia mimi? Futa jina langu. Nitakuja kukupikia na kukushikia darubini."

"Hujawahi kupika hata yai."

"Nitajifunza. Futa."

"Imeshatumwa, baba. Ikitumwa haifutiki."

Huo ulikuwa uongo. Fomu ingeweza kubadilishwa mpaka siku ya mwisho, na siku ya mwisho ilikuwa imebaki wiki mbili. Darla ameruhusu jambo hili liandikwe. Anasema mzee akilisoma na akasirike, vibali vimeshatoka, viwili, vimewekwa kwenye mtoto wa meza pamoja na kadi ya gari.

Kosa lake mwenyewe lilikuwa kwenye ramani. Mwezi Juni alichagua eneo kubwa kuliko yote yaliyopakwa rangi ya njano, rangi ya ardhi ya umma, akaanza kupanga mahali pa kupiga hema. Kabla ya kununua chochote alimpigia simu ofisa wa wanyamapori wa huko na kumsomea namba za mahali.

"Ni pazuri sana hapo, mama," ofisa alimwambia. "Utaingiaje? Una mabawa?"

Pande zote nne zilikuwa za ranchi moja. Darla anasema alijiona mjinga, na si kwa kutokujua, bali kwa kusahau anachokijua.

"Nilikuwa natazama ardhi kama mkulima. Mimi si mkulima. Mimi kwa miaka ishirini na miwili natafuta malango ya watu kwenye theluji. Mimi ni mtu wa barabara."

Akaanza upya, safari hii akifuata barabara za kaunti moja moja na kutazama wapi zinagusa rangi ya njano. Ilimchukua wiki tano za vituo vya robo saa. Alipata mahali pamoja, kipande ambacho barabara inakipita ubavuni kwa muda mfupi tu, chini ya nusu kilomita. Wawindaji wengine hawahangaiki na kipande kama hicho, kwa kuwa kwenye ramani kinaonekana kama kovu.

Hakuamini karatasi. Alitafuta namba ya karakana ya barabara ya kaunti ile, akaomba kuzungumza na mtu anayeendesha greda. Alipewa mzee anayeitwa Wendell.

"Wewe nani kwanza?" Wendell aliuliza.

"Nabeba maziwa Wisconsin."

"Basi matope unayajua. Barabara ipo, naichonga mwenyewe. Lango halina kufuli, liache ulivyolikuta. Ila mvua ikinyesha usijitie ushujaa. Trekta la kukuvuta liko maili ishirini, na mwenye nalo hapendi watu."

"Na swala?"

"Swala wapo. Jioni wanashuka kwenye bonde kunywa maji. Asubuhi sikuahidi kitu."

Darla aliandika neno "jioni" pembeni mwa ramani na kulizungushia duara.

Wataondoka Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kilomita kama elfu moja na mia tano, wakipokezana usukani. Amechukua siku nane za likizo. Ervin anafanya mazoezi ya shabaha kila Jumapili kwenye malisho yaliyobaki matupu, akiwa amekalia ndoo, kwa sababu huko lazima upige mbali kuliko walivyozoea msituni. Ameuliza mara tatu watarudi saa ngapi. Mara tatu amejibiwa kwamba watarudi wiki nyingine.

Kitu kimoja tu bado kinamsumbua Darla. Saa za Wyoming ziko nyuma kwa saa moja. Saa tisa na nusu ya nyumbani, kule itakuwa saa nane na nusu, na miguu ya mzee haijui kusoma saa ya ugenini. Ameshapanga la kufanya. Hatasema neno mpaka Ervin mwenyewe aanze kukusanya vitu vyake.

"Ataniambia, 'Haya, twende,'" anasema Darla, akiwasha lori. "Nami nitamwuliza, 'Twende wapi, baba?' Kisha nitanyamaza, nimwachie atafute jibu mpaka jua lizame."