Kupima Pumzi ya Kopo

Redio ndiyo iliyonitia wazimu. Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu mgeni wa sayansi Mpanda, na jioni moja mtangazaji akasema vyombo vya anga hugeuka huko juu kwa kupumua tu: vijitundu vidogo vinatoa gesi upande huu, chombo kinaelekea upande ule. Asubuhi niliwasimulia wanafunzi hata kabla hawajamaliza kunisalimu. Msichana mmoja wa Ilembo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo pumzi haichafui vioo vya chombo chenyewe?"

Sikujua. Nilifurahi kutojua mpaka nikacheka peke yangu. Nikawaambia tutatengeneza pumzi kama hiyo, tupime inafika wapi.

Shida ilikuwa chumba. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaamua chumba cha sayansi kiwe ghala la mahindi ya shamba la shule, na kusema kweli mle ndani mlikuwa na meza mbili na buibui. Nilimwendea nimepandisha hasira, nikamwambia siku gunia la kwanza likiingia mle, mimi natoka. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Nionyeshe kwanza kinachofanyika mle. Mahindi yanakuja Ijumaa."

Ijumaa tukaning'iniza kopo la maziwa ya unga kwa waya juu ya jiko la mkaa, maji nusu, kitundu cha sindano ubavuni. Mbele ya kitundu na pembeni yake tukasimamisha vipande vya kioo kilichovunjika juu ya meza, kila shubiri kipande. Kitakachopata ukungu, pumzi imekifikia. Kifuniko nilikiziba mwenyewe kwa nta. Baba yangu alikuwa mrina asali, na kwetu kila kinachovuja kinazibwa kwa nta, kuanzia kibuyu hadi ndoo.

Mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mahindi kutoka Kabungu ulikuwa unaingia uwanjani nta ilipoyeyuka. Kifuniko kikaachia, mvuke wote ukamwendea usoni mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kopo. Miwani yake ikawa nyeupe. Chumba kizima kikanukia asali, wanafunzi wakavunjika mbavu. Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Mtoto wa mrina asali, nimesahau kwamba nta inayeyuka!

"Mwalimu, niteremshie wapi?" Mwenye mkokoteni, bwana mmoja Msukuma, alikuwa mlangoni, gunia begani.

Nikamsihi mwalimu mkuu anipe nafasi moja tu. Alifuta miwani kwa shati, taratibu, kama mtu asiye na shida.

"Teremsha hapo nje kwanza," akamwambia yule bwana. Kisha akanigeukia. "Gunia la mwisho likishuka, yanaingia."

Wasichana wawili walitimua mbio hadi kwenye kichuguu nyuma ya darasa, wakarudi na udongo viganjani. Tukaziba, tukapuliza mkaa kufa na kupona. Nje magunia yalikuwa yanaanguka, pu, pu.

Halafu kopo likalia fiii, likarudi nyuma kwenye waya wake! Kioo cha kwanza kikapata ukungu. Cha pili. Cha tatu. Nilipiga kigelegele, mwalimu mzima. Cha nne kikapata kidogo tu, na vya pembeni vikabaki safi kabisa. Hapo vioo vikatuishia, na bado hatukujua pumzi inakomea wapi.

Mwalimu mkuu akasogea mezani. Akapima shubiri ya tano kwa mkono wake mwenyewe, akavua miwani, akaisimamisha pale. Bila miwani alikuwa haoni hata mlango.

"Nyie, niambieni. Imepata ukungu?"

"Haijapata!" Darasa zima.

"Tazameni vizuri. Labda inachelewa."

Msukuma akachungulia, anatoka jasho. "Mwalimu, yote yameshuka. Niingize?"

"Peleka ofisini kwangu," mwalimu mkuu akajibu, uso ukiwa karibu ugusane na meza. "Na ufunge huo mlango, upepo unatuharibia kipimo."