Ufa kwenye Baiskeli ya Baba

Juzi nilimwona mtu akikokota baiskeli Msimbazi, mwanawe pembeni, nikazima redio ya gari. Mimi huyu niliyeishia la saba, leo mwenye maduka Kariakoo na sijapewa na mtu, niliona aibu peke yangu.

Siku ile ya utoto wangu, pale kwa fundi baiskeli palinuka grisi na dagaa. Fundi aliigonga fremu ya baiskeli ya baba kwa spana. Kote ililia ngi, ila penye ufa ikalia pu.

"Peke yako itakufikisha Buguruni," alimwambia baba. "Ukimpakia mtoto, itakatika njiani."

Baba akaanza kuikokota. Mimi nikajua anaogopa kuanguka. Wabeba mizigo wakamtania, "Mzee, baiskeli inaumwa? Si uibebe mgongoni?"

Wakacheka. Nikavuka barabara, nikatembea upande wa pili kama mtoto wa watu wengine. Leo nina wanangu, ndiyo najua kwamba angeweza kupanda akaniacha nimfuate kwa miguu.

Baba aliniona.

"Tembea hukohuko, mwanangu," aliniambia kutoka ng'ambo. "Huko kuna kivuli."

Jua lilikuwa utosini. Kivuli hakikuwepo upande wowote.