Chafya za Chumba cha Joto

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya kijijini kwetu Gitting ambayo haijaniacha tangu jana uliponipigia simu kutoka Katesh. Wewe ulikuwa unaongea, ila mimi nilikuwa namsikiliza mjukuu wangu huko nyuma yako, anapiga chafya, anavuta pua, anapiga tena. Ukaniambia ni baridi tu, umeshaziba madirisha na kumwongezea blanketi. Nilishtuka, na bado nina wasiwasi, kwa sababu maneno hayo niliyasikia kwa mama yangu.

Nilikuwa darasa la tatu. Kila asubuhi niliamka macho yamevimba na yanawasha, pua inatiririka maji. Shuleni walinipa jina ambalo sikutajii, maana nakujua, utawaambia ndugu zako. Lakini kilichonitesa zaidi ni uso wa mama. Kabla yangu alizaa mvulana, na kifua kilimchukua kabla hajaanza kutembea. Kwa hiyo kila nilipopiga chafya, mama aliacha alichoshika akanitazama. Ukitazamwa hivyo na mama yako, na wewe unaanza kuogopa. Nikawa nazibana chafya kwenye kiganja ili asisikie.

Baridi yetu ya Hanang unaijua. Mama akaamua kwamba ndiyo inayotaka kunichukua. Alihamisha kitanda changu chumba cha ndani, penye joto kuliko pote, maana nyuma ya ukuta wa mbao walilala ndama na mbuzi, na juu yangu ilikuwa dari ya kuwekea mahindi na maharage. Akashona gunia, akalijaza majani makavu ya ngano, likawa godoro langu. Dirisha akalisokomeza matambara. Na alikuwa anafagia nikiwa bado nimelala, kwa kuwa hakutaka nitoke nje kwenye ukungu. Sidhani kama kuna mtoto aliyetunzwa kuliko mimi siku zile, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kifua kikaanza kutoa mluzi. Mama akaacha kula.

Siku za mama za kujifungua zilipokaribia, nikapelekwa Bashay kwa bibi, mama yake baba. Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Kuku akiingia ndani, alimtoa kwa fagio. Mifugo ilikuwa na banda lake na nafaka ghala lake huko nje, na blanketi aliyonipa ilikuwa nyembamba lakini kila siku inaona jua. Haikupita muda nikasahau kama nina pua. Mama alipojifungua salama, bibi akanirudisha mwenyewe, akakaa kidogo amwone mtoto mchanga. Hata siku tatu hazikuisha, nikaamka macho hayafunguki. Mama akaanza kulia, akisema baridi imenirudia.

Bibi aliinuka. Aliingia chumbani kwangu, akaligonga lile gunia kwa kiganja, vumbi likapanda likajaa mlangoni. Akatazama dari. Halafu akamwita mama, ambaye alikuja na mtoto mkononi.

"Mama Marta," akamwita kwa jina langu, "Bashay kuna baridi au hakuna?"

"Ipo, mama. Labda hata kuzidi hii."

"Na huyu kule hakupiga chafya. Basi baridi iache. Mtoto anaumwa kwa sababu ya chumba hiki ulichomfungia."

Mama alikaa chini palepale, na mimi nikamwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Nafikiri bibi naye aliona mama anamfikiria nani, kwa sababu alishusha sauti.

"Yule wa kwanza hukumuua wewe. Lakini huyu mtoe humu leo."

Nikatolewa siku hiyo hiyo. Gunia lilichomwa, dirisha likafunguliwa, mifugo ikajengewa banda. Sikupona kabisa, mahindi yakitoa maua napiga chafya mpaka leo, na wewe na ndugu zako mnanicheka. Ila ule mluzi wa kifua uliondoka, na mama akarudi kula.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kwenye zahanati wanauita mzio, nyinyi mnasema aleji, na vumbi la ndani linauchochea. Toa magunia ya mahindi chumbani kwa mtoto, na yule paka pia, hata akilia nani. Mashuka yafue kwa maji ya moto. Ukifagia, nyunyiza maji kwanza au tumia kitambaa kibichi, na mtoto awe nje mpaka vumbi litulie. Ukuta ukiwa na ukungu mweusi, mwambie mume wako aache kusema atautengeneza kesho. Fungua madirisha; lakini majani na mahindi yakiwa kwenye maua na upepo unavuma, yafunge, na nguo zake usizianike karibu na shamba. Moshi wa jiko usimfikie. Haya yote yanapunguza tu, hayaondoi, kwa hiyo ukisikia kifua kinatoa mluzi, mpeleke hospitali, usiningojee mimi. Na usijilaumu kwa blanketi ulizomfunika. Ulikuwa unaogopa, nami najua hofu hiyo inavyomfanya mama.

Mungu amfungue mwanao kifua, amkuze akuzike wewe, asizikwe na wewe. Na akupe usingizi wa kulala bila kuamka kusikiliza kama anapumua.