Yamekupwa

Juzi pipa langu la maji lilikauka hapa mtaani kwetu Hai Cinema. Jirani akachungulia ndani, akasema kwa Kiarabu cha hapa, "Moya mafi," yaani maji hakuna. Nikacheka peke yangu, maana utotoni niliwahi kuililia bahari nzima.

Tulikuwa wakimbizi pwani ya Kenya, nami mtoto wa bara ambaye hata leo nikifika Hai Mauna, mtaa mwingine wa mji huu huu, najiona nimesafiri. Alasiri ile jirani yetu, Mama Mwanakombo, alikuja na kikapu na chuma chembamba. "Maji yamekupwa," akamwambia mama. "Nipe huyu binti twende kisiwani."

Alimaanisha yameshuka, njia iko wazi. Mimi nilisikia yamekufa.

Tulipofika ufukweni, kweli bahari haikuwepo. Ilibaki harufu ya mwani, na vidimbwi vikitoa povu. Nikavua viatu kama mtu anayeingia matangani, naye Mama Mwanakombo anaimba. Kule kisiwani alidunga chuma kwenye shimo ambalo mimi niliona ni shimo tu, akatoa pweza. Chaza aliwabandua mwambani kama anayechambua mboga. Sijaona tena mikono inayojua kazi vile.

Ghafla akanyoosha mgongo, akasikiliza. "Yanarudi. Shika kanga yangu."

Maji yalinifika magotini, nikaanza kulia. "Yamefufuka?"

"Yamefufuka, mwanangu, na yana njaa. Kaza mwendo."

Hakugeuka hata mara moja, wala kikapu hakikuyumba, mpaka tukakanyaga mchanga mkavu.

Siku hizi najua ni mwezi unaoyavuta. Hata hivyo juzi nilimjibu jirani kwamba yamekupwa tu, nikaketi mlangoni kuyasubiri yaje na gari la maji. Kwa ustadi wa kusubiri nyumbani, hata Mama Mwanakombo hanifikii.