Vidole Tisa vya Mama Mashuka

Saa moja kasorobo asubuhi, chumba cha kufulia nguo cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mashine sita zinazunguka. Ya saba iliharibika mwezi uliopita na sasa ni meza ya chai. Mbele yake amesimama mwanamke wa miaka arobaini na tatu, anakunja mashuka kwa vidole tisa. Cha kumi, kidole gumba cha mkono wa kulia, amekifunga kitambaa cheupe na kukisimamisha juu, kama mtu anayesifia kila anachokiona.

Hasifii chochote.

"Pole, dada. Umeumia?" anauliza dereva aliyeleta matenga ya nguo chafu.

"Sijaumia. Ninakilea," anajibu bila kuinua macho. "Kina wiki moja sasa."

Wenzake wanaangua kicheko. Wao humwita Mama Mashuka, na kisa cha kidole wanakijua mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kila siku anakisimulia upya, na kila siku hasira inapanda pale pale.

Miaka sita iliyopita aliingia nchi hii na binti yake. Kwao alikuwa karani wa shule. Nyumba yao ilichomwa, mumewe akachukuliwa na watu wenye silaha na hajaonekana tena. Siku ya kwanza mpakani aliwekwa mbele ya mashine, akachukuliwa alama za vidole vyote kumi. Vilisomeka vizuri. Vilikuwa vidole vya kushika kalamu.

Tangu hapo anaishi kwa kibali cha muda, cha miezi sita sita. Alipoomba hifadhi ya kudumu, ofisi ya uhamiaji ilimwambia alete ushahidi kwamba anajitegemea. Ndiyo sababu aliingia kwenye kazi hii, zamu yenye urefu wa saa tisa, dawa ya kung'arisha mashuka ikimlamba mikono. Glovu zinatolewa jozi moja kwa mwezi na hudumu siku nne.

Mahojiano alishafaulu miaka miwili iliyopita. Kilichobaki ni kulinganisha vidole vya sasa na vile vya mpakani. Ameshakwenda dirisha namba nne la ofisi hiyo mara tano.

Mara ya nne, mashine iliwaka nyekundu kwa vidole vyote.

"Mama, vidole vyako havisomeki," karani alimwambia.

"Kwani ni gazeti?"

"Vimelika. Kapumzishe mikono wiki tatu. Usishike maji wala dawa."

"Mwanangu, mama yako amewahi kukaa wiki tatu hajashika maji?"

Karani alicheka, lakini tarehe ya kurudi hakubadilisha.

Mama Mashuka anapofika hapo hulitupa shuka mezani. "Waliniambia nionyeshe kwamba ninajitegemea. Nimejitegemea mpaka vidole vimeisha. Sasa wananiuliza mimi ni nani!"

Haraka yake haitokani na kibali chake peke yake. Binti yake anatimiza miaka kumi na minane siku kumi na sita zijazo. Siku hiyo anatoka kwenye faili la mama na kufungua lake mwenyewe: foleni upya, mahojiano upya, miaka yote sita ianze sifuri. Chuo cha uuguzi kimeshampa nafasi, lakini hakimpokei bila hifadhi ya kudumu.

Basi mikono ikapumzishwa. Msimamizi alimhamishia kwenye kukunja, wenzake wakagawana ndoo zake. Nyumbani, binti alipika, akafua, akaosha vyombo. Mama alipakwa mafuta asubuhi na jioni, akavishwa soksi mikononi.

"Alikuwa anakaa kwenye kiti ananielekeza jinsi ya kusugua sufuria," anasema binti. "Wiki tatu! Nilikaribia kumwambia bora tukose kibali."

Siku mbili kabla ya miadi, mfanyakazi mgeni alitaka kuingiza kwenye mashine ya nguo nyeupe foronya yenye doa la wino. Mtu mwingine angesema tu. Mama Mashuka aliinyakua, akamimina dawa kali, akasugua kwa kidole gumba mpaka doa likatoka. Hakukumbuka glovu, hakukumbuka ofisi.

"Doa lilikuwa linanitazama," anasema. "Ningefanyaje?"

"Ungelitazama na wewe!" anadakia msimamizi kutoka kwenye pasi.

Alhamisi iliyopita, mara ya tano, mbele yake kwenye foleni alisimama seremala ambaye msumeno ulimkata vidole viwili. Karani aliandika "hakipo" mara mbili, akamgongea muhuri. Dakika tano, kwisha.

Ikafika zamu yake. Vidole tisa vikawaka kijani. Cha kumi, chekundu.

"Andika hakipo," alimwambia karani.

"Lakini kipo, mama. Ninakiona."

"Andika basi kimelika."

"Fomu haina nafasi ya kimelika. Ama kipo kinasomeka, ama hakipo."

"Kwa hiyo ningekuwa sina kidole ningepata kibali leo?"

Karani aliipitia fomu kwa kidole. "Ndiyo."

"Una kisu?"

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa binti yake. Binti alilisogelea dirisha, akaomba tarehe iwe kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Karani alipekua daftari, akawapa Alhamisi ya wiki tatu mbele. Binti anatimiza miaka kumi na minane Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Katikati pamebaki siku moja tu, Ijumaa.

Tangu hapo kidole kinalelewa. Hakishiki kijiko, hakifungi kifungo. Wino ukitokea, wenzake wanamzuia kwa mabega, kama walinda lango. Msimamizi, ambaye hapendi kuandika, ameandika barua ya kurasa mbili kueleza kazi ya dobi inavyokula ngozi. Kama mashine itawaka nyekundu tena, barua itapelekwa ghorofa ya juu kwa mkuu wa ofisi. Mama Mashuka ameapa kwamba atakaa kwenye ngazi zake mpaka mkuu huyo ashuke.

Na ikiwaka kijani?

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kukunja. Anakitazama kidole chake kilichofungwa, kisha anasema kwa sauti ya chini kuliko mashine.

"Nikitoka pale naenda moja kwa moja nyumbani. Mwanangu atakaa kwenye kiti, asome vitabu vyake vya chuo. Mimi nitaosha kila sufuria iliyomo ndani, kwa mikono mitupu. Na asithubutu kunielekeza."