Aliyefukuzwa kwa Kulia Wodini

Nakumbuka siku moja mchana, nikiwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Mama mmoja muuza vitumbua wa Buguruni alikata roho wodini mbele yetu, mimi na mwenzangu Anjela. Mkufunzi akavuta pazia, kisha akatukagua macho.

"Muuguzi halii," akasema. "Anayetaka kulia akalie kwao."

Hasira inanipanda hadi leo, mwanangu, na siifichi.

Saa ya kuona wagonjwa ikafika, akaingia binti wa marehemu na chupa ya uji. Tulikuwa tumefundishwa la kumwambia: hali ya mama imebadilika kidogo, kamlete mtu mzima. Eti tunamwonea huruma! Huruma gani hiyo? Tulikuwa tunamkimbia. Msichana angekwenda mpaka Buguruni akiomba mama yake apone, na akirudi angekuta kitanda kimetandikwa shuka safi, mama yuko mochwari.

Anjela akakataa. Akamkalisha kwenye benchi, akamshika mikono.

"Dada, mama ametutoka. Njoo umuage kabla hawajamchukua."

Wakaingia nyuma ya pazia wao wawili, wakalia. Binti akamfunga mama yake kilemba vizuri, akamwomba radhi.

Wiki hiyohiyo Anjela akafukuzwa chuo, nami sikumtetea. Eti hana moyo wa kazi! Yeye aliyekuwa nao kutuzidi wote! Sasa anauza khanga Kariakoo, na sisi wenye macho makavu ndio tuliopewa vyeti.

Jana ulirudi hapa Magomeni kutoka mazoezi yako ya uuguzi, ukatupa begi, ukasema, "Shangazi, leo kitanda cha sita kimeondoka," halafu ukaulizia chakula. Nilikupakulia tu, maana ningefungua mdomo ningekutukana. Najua wameshaanza kukufundisha. Lakini kitanda hakifi, mwanangu. Kafa mtu, na ana jina lake.

Kesho ukirudi wodini, liulize hilo jina. Ndugu wa marehemu akija, mkalishe, mwambie ukweli kwa upole, mpe nafasi ya kuaga. Machozi yakikutoka, yafute uendelee na kazi. Wakisema hufai, waambie shangazi yako ni muuguzi mstaafu na yuko njiani anakuja kuonana nao. Safari hii sitanyamaza.

Mungu akutie nguvu mikononi, na moyo akuachie huohuo uliozaliwa nao.